Barua kwa mwanangu: hiyo karatasi ya daktari

Mama, asalaam aleikum.

Voisi yako nimeisikiliza usiku nikairudia asubuhi, maana usiku mama yako alikuwa anaongea juu yake. Nimekuelewa. Mjukuu wangu kamaliza fomu siksi, kapangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT Bulombora kule Kigoma kwa mujibu wa sheria, na we unataka umtafutie karatasi ya daktari iandikwe pumu ili abaki Dar aanze kozi yake ya kompyuta, unaniuliza mimi niliyepigana vita ya Kagera ntakuonaje ukifanya hivyo. Mambo ya karatasi za daktari mi siyajui. Ninachokijua ni habari ya baba yako mkubwa, na najua hapo umeshaguna ukasema baba kaanza, sawa, nimeanza, we soma tu ukiwa kwenye foleni ya Mbagala.

Ile ya jina unaijua, bibi yako kaisimulia kila Idi mpaka watoto wakawa wanaimalizia wao. Ila bibi alikuwa anaisimulia kuchekesha wageni, kwa hiyo pale pasipochekesha alikuwa anaparuka.

Novemba 1978 Amin wa Uganda ameshaingia Kagera, katangaza eneo lote lile mpaka mtoni ni lake, daraja la Kyaka limevunjwa, na Mwalimu Nyerere kasema redioni yale maneno ya nia, sababu na uwezo. Kijiji kizima tulijazana kwenye redio moja, na tukapiga makofi kana kwamba Mwalimu yuko mle ndani anatuona. Mi nilipiga mpaka viganja vikawaka, na kaka yangu alikuwa pembeni yangu anapiga vilevile, hilo naomba ulishike. Kupiga makofi tulipiga sote. Baadaye ndo wakaja na daftari. Jeshi lilikuwa halitoshi, ikabidi mgambo waitwe nchi nzima, maelfu kwa maelfu, na kwetu pale kila balozi wa nyumba kumi akaambiwa atoe vijana. Siku hizi kwenye sherehe wanasema tulijitolea wote. Wapo waliojitolea kweli, nawajua, kuna mmoja alilia alipokataliwa kwa ajili ya umri. Na wapo waliokuwa zao kwenye mkonge wanakata, jioni wanarudi wanaambiwa umeshaandikwa. Balozi wetu alimwandika kaka kwa sababu ndo mkubwa na hana mke. Orodha ikaenda wilayani. Usiku wa kuamkia kuondoka kaka akachukua baiskeli ya babu yako akapotea nayo. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa, lakini vichaka havifungwi, akapita njia za panya upande wa Maramba, sisi hatujafika hata Mwanza yeye yuko Mombasa.

Asubuhi balozi akaja. Hakupiga kelele. Akaangalia kitanda cha kaka, akaniangalia mimi, nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni sikukimeza wala sikukitema. Akasema orodha imeshapelekwa na mimi siendi wilayani kubadilisha kitu, jina la baba yenu si lilelile, basi nenda na hilo la mwanzo pia. Babu yako hakusema neno. Nikaenda.

Siku ya kwanza kwenye paredi afande anaita jina la kaka, kimya, anaita tena, kimya, mpaka jamaa yangu wa kijijini akanipiga kiwiko. Nikapigishwa pushapu pale huku nahesabu kwa sauti. Baada ya hapo sikusahau tena. Treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba, tukavuka Kagera, Mutukula, Masaka, kote huko nilikuwa yeye. Ningekufa ningezikwa Kaboya pale Muleba walikozikwa wenzetu, kaburi lina jina la kaka yangu na mwenye jina anakunywa chai na mahamri Mombasa. Hapo ndipo bibi yako alipokuwa anaparuka.

Mimi msimamo wangu mmeshauchoka lakini ntausema tena, zamu ikiwa zamu iwe ya wote. Simlaumu mtu kwa kuogopa, asiyeogopa vita hajaiona. Kinachonikera ni yule anayetoka kwenye mstari akijua kabisa mstari hautapungua mtu. Wakati ule serikali ilichukua malori na mabasi ya watu kupeleka askari mbele, na tajiri mmoja wa pale mjini lori lake lilichukuliwa, akalalamika mwaka mzima. Lori lilikwenda vitani, watoto wake walibaki. Lori! Mpaka leo nikimkumbuka nacheka kwa hasira.

Na usidhani ni mambo ya wakulima tu. 1966 nilikuwa mtoto mdogo lakini hii habari tumeikuta jeshini inasimuliwa, wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana mpaka Ikulu tarehe 22 Oktoba wamevaa majoho yao, kwa sababu sheria mpya iliwataka wakimaliza masomo watumikie JKT miaka miwili na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wengine walibeba bango kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Hapo Mwalimu alichemka. Akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20, halafu akawafukuza warudi kwao, zaidi ya mia tatu. Wengi walirudishwa chuo baadaye. Zamani nilikuwa naona Mwalimu aliwaonea huruma, mi ningewafungia kabisa. Sasa hivi nimekuwa mtu mzima naona wale vijana angalau walikuja mchana, na mabango, wakasema hatutaki mbele ya mwenye nchi. Hawakuondoka na baiskeli ya mtu usiku. Lakini tena nikifikiria, walikuwa wanalilia mshahara, na wenzao wa kijijini hata huo mshahara wenyewe hawajawahi kuuona, kwa hiyo sijui, labda Mwalimu alikuwa sawa. Tuliache hilo.

Sasa Lukaya. Hii sijawahi kukusimulia vizuri, mama yako anaijua.

Ilikuwa tarehe 10 Machi 1979. Kutoka Masaka kwenda Kampala kuna kinamasi kikubwa, barabara imepita katikati, pembeni mafunjo na maji, hakuna pa kukanyaga. Brigedi yetu ya 201 karibu yote ilikuwa mgambo, watu wa majembe kama mimi. Gaddafi wa Libya alikuwa ameleta askari wake kumsaidia Amin, nao wakaja na vifaru na yale makombora yanayotoka mengi kwa mkupuo. Mengi yalitupita juu yakaanguka nyuma yetu, lakini mlio ule mama, mlio ule unaingia tumboni kabla haujafika masikioni. Tukatawanyika. Siyo kurudi nyuma kwa amri, tulitawanyika tu, kila mtu na roho yake, mi nilikimbia na bunduki nimeikumbatia kama mtoto na kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Na katikati ya kukimbia, unajua niliwaza nini? Nilimuwaza kaka. Sikumuwaza kwa hasira. Niliwaza, mwenzangu aliliona hili tangu nyumbani Korogwe.

Usiku wakubwa wakatukusanya. Brigedi ya 208 ikazunguka mbali ikawatokea Walibya ubavuni, asubuhi tukawapiga kutoka pande mbili, wakakimbia wao. Na mi nilikuwepo asubuhi ile, na kiatu cha mtu mwingine mguuni. Mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka. Sasa huwa najiambia, tofauti yangu na kaka ni kwamba mimi nilirudi. Halafu kuna sauti nyingine inaniambia ulirudi wapi, ulikuwa Uganda katikati ya kinamasi hata njia ya kwenu huijui, ungekuwa unakijua kichaka cha kupitia mpaka Mombasa si ungeenda? Hiyo sauti sijawahi kuishinda. Nairudisha kwenye msimamo wangu, zamu iwe ya wote, inanyamaza kidogo halafu inaanza tena.

Niliporudi nyumbani bibi yako alinipokea vizuri, nisimseme vibaya, akachinja kuku. Ila swali lake la kwanza mlangoni ni "mwenzako je?" Nimetoka vitani mimi, anauliza aliyekimbia vita. Halafu ndo ikaja ile ya kufunga mkanda, Mwalimu kaomba miezi 18, ikaenda miaka, sabuni hakuna, sukari ya foleni, na mimi shujaa nafulia majani ya mpapai. Mwisho wa 1983 mpaka ukafunguliwa, na kaka akarudi mchana kweupe, amenenepa, ana mabati, ana mafuta ya Kimbo, ana sabuni za kunukia, na baiskeli ya babu yako ameipaka rangi upya. Vigelegele alivyopigiwa! Mi nilikuwa juu ya mnazi, nilivisikia, nikakaa hukohuko juu mpaka jua likazama. Usiku akaja kunisalimia akaniambia, mdogo wangu, si ulikwenda na jina langu, basi tulikwenda wote. Akacheka. Na mimi nikacheka, ndo kitu ambacho sijakielewa mpaka leo, nilicheka kweli.

Na we unajua pesa ya nani ilikusomesha. Ada yako ya sekondari yote, godoro, trunka, nauli ya kwenda na kurudi, ni pesa ya Mombasa, ya mtu aliyebeba magunia Kilindini akaja kufungua duka. Mi na cheti changu cha mgambo chenye jina lisilo langu nilikupa nini? Kwa hiyo ukiniuliza kama alikosea nabaki nimetoa macho. Angekuwepo Lukaya labda angekufa, ungekuwa hujasoma. Lakini mama, angekufa *yeye*, kwa jina lake. Unaona nilivyo? Nikisema nimemaliza hili jambo linanirudia kwa mlango wa uani.

Haya, tuje kwa mjukuu. Najua utaniambia baba, JKT siyo vita, na hakuna mtoto wa mtu anayechukuliwa badala yake. Kweli. Ni miezi mitatu, mchakamchaka, kwata, kulima, kulenga shabaha kidogo, anarudi amekondeana na kujua kutandika kitanda. Asipokwenda nafasi yake haijazwi na mtu mwenye muhogo mdomoni. Na we mwenyewe hukwenda, si kwa kukwepa, ilisimamishwa 1994 ikaja kurudishwa 2013, nyie wote mliomaliza katikati hapo mmepita bila hata pushapu moja na nchi haikuanguka. Kwa hiyo ukinibana na hoja ya zamu ya wote nitakuwa sina pa kushika, maana miaka 19 nzima haikuwa zamu ya mtu. Nimelifikiria hilo jana karibu usiku kucha na halinipi raha.

Lakini hiyo pumu. Pumu ile aliiacha akiwa darasa la tatu, mi ndo nilikuwa namfukizia hapa Korogwe, sasa hivi anacheza mpira dakika tisini na kelele juu. Na kwenye matangazo ya JKT nimesoma wahitimu wenye ulemavu wa kuonekana wanaambiwa waende Ruvu pale Mlandizi, kambi yenye mazingira yao. Hao nao wameitwa mama. Mtoto mwenye gongo anapanga begi lake halafu wa kwetu anabaki na karatasi. Hapo ndo panaponikaba. Usinielewe kwamba nimesema usiifanye. Sijasema. Wewe ndo mama yake, we ndo unayejua kozi hiyo ina faida gani na kama miezi mitatu itaiharibu, na kazi zenyewe siku hizi hazipatikani, mtu asije akasema babu ndo alimchelewesha. Ila usiniombe nikuambie ni sawa. Hilo tu. Kama unataka mtu wa kukuambia ni sawa mpigie baba yako mkubwa, atakuambia kabla hujamaliza swali, na atakutumia na nauli.

Mwenyewe mjukuu alinipigia Ijumaa. Hakunieleza chochote kuhusu daktari, sijui kama anajua mpango wako. Aliniuliza kama ni kweli simu wanazuia, nikamwambia ndiyo, akanyamaza kama amefiwa, halafu akauliza babu nyie mlikuwa mnawasilianaje na nyumbani. Nikamwambia barua. Akauliza zilikuwa zinafika? Nikamwambia zilikuwa zinafika kwa jina la baba yako mkubwa.

Orodha ya vitu nimeiona, mama yako aliifowadiwa na jirani, bukta ya dakibluu ya mpira isiyo na zipu, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari. Shuka hizo Manundu sokoni zipo, nzito, siyo zile za kuonyesha mwili. Nimeulizia bei tu. Sijanunua.

Wasalimie wote hapo. Mama yako anasema umtumie ile dawa ya magoti.

Baba