Slipingi begi ya manyoya ikiacha kutoa joto, usiitupe kwanza

Wenzangu mnaolala porini msimu wa kurina asali huku Tabora, baridi ya alfajiri ya Juni na Julai kwenye miombo mnaijua wenyewe. Sasa kinachoniuma ni kuona mtu ana slipingi begi, yaani mfuko wa kulalia, ya manyoya ya bata, kaipata mtumbani, ikianza kupoteza joto anaigeuza tandiko la mbwa. Jamani, mara nyingi manyoya yake hayajafa, ni machafu tu.

Joto linatunzwa na hewa inayonaswa katikati ya manyoya yakiwa yametuna, jasho na mafuta ya mwili yakishaingia yanashikana mabonge na hewa inakosa pa kukaa. Imulike na tochi kutokea ndani, utaona mabonge huku na kule patupu. Ila hakikisha kweli ni manyoya, zile za polista zikishalala ndo basi, kuosha hakuzirudishi kama mwanzo.

Ziba matundu kwanza. Halafu diaba kubwa, maji vuguvugu, sabuni ya maji isiyo kali na iwe kidogo sana, kama unapata ile maalum ya manyoya ndo bora zaidi. Jiki hapana, dawa ya kulainisha nguo hapana. Ibonyeze taratibu kwa viganja, usisugue wala usiinyonge, suuza mpaka povu liishe kabisa hata kama umeshachoka. Kuitoa sasa ndo hatari, ikilowa inakuwa nzito mno na ukiivuta kwa ncha moja vitambaa vya ndani vinavyotenga manyoya vinachanika, kwahiyo ikamue kwa kuibonyeza humohumo kisha ibebe yote kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kwenye kukausha ndo kuna kazi yenyewe. Itandaze kwenye chaga kivulini penye upepo, jua kali la muda mrefu linachakaza nailoni. Mwanzoni itatisha, imekuwa bapa, mabonge kama uji ulioganda, usikate tamaa hapo! Kila ukipita igeuze, tafuta mabonge uyachambue kwa vidole juu ya kitambaa, jioni ingiza ndani, kesho tena, hata siku kadhaa. Kiangazi chetu hewa ni kavu, hapo tumebarikiwa. Kama kuna dobi mwenye mashine ya kukaushia, moto mdogo na mipira ya tenisi ndani. Ukigusa bonge hata moja bado haijakauka, ukiihifadhi hivyo inaoza.

Nyumbani usiiache kwenye kale kamfuko kake kadogo, ining'inize au iweke kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa. Kambini itoe mapema uikung'ute ipate kutuna, mbali na moto maana cheche inatoboa nailoni mara moja, na chini weka kitu kinene, manyoya unayoyalalia yanabanwa hayakusaidii kitu. Ikikauka vizuri na bado iko bapa, hapo kweli manyoya yamekatikakatika, fumua mshono uongeze mengine kutoka begi nyingine ya manyoya iliyochanika.