Maswali ya Wasomaji: Taita Taveta, ndani na nje ya mbuga

Barua nyingi za safari hii zinahusu kaunti moja. Wengi waliotuandikia wanaifahamu Taita Taveta kwa sababu ya mbuga ya Tsavo peke yake, kisha wanauliza siku ya pili wafanye nini. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Sina gari. Nitafika Voi kwa treni na nina siku mbili tu. Niende wapi? – Msomaji, Machakos

Kwanza hakikisha unakata tiketi ya treni inayosimama njiani, ile ya kaunti kwa kaunti, maana si kila treni ya Nairobi–Mombasa husimama Voi. Treni hiyo huondoka asubuhi na kufika Voi adhuhuri. Kituo kiko nje ya mji, kwa hiyo utahitaji teksi au bodaboda kufika steji ya matatu.

Kosa la wengi ni kutaka kugusa kila kitu. Kaunti hii ina sehemu tatu zisizounganishwa kirahisi na usafiri wa umma: mbuga, milima ya Taita, na ukanda wa Taveta mpakani. Bila gari, mbuga iweke kando, kwa kuwa bodaboda haziruhusiwi kuingia na hakuna matatu zinazopita ndani. Kukodi gari peke yako kwa nusu siku kutakugharimu kuliko safari nyingine yote. Panda matatu ya Wundanyi, mji wa milimani, mchana uleule, inayopitia Mwatate, ulale huko juu. Kesho yake tembea msitu wa Ngangao asubuhi, ushuke Voi jioni. Taveta iache kwa safari nyingine. Kutoka Voi ni zaidi ya kilomita 100, na ukijaribu kuiongeza kwenye siku hizo mbili utakuwa umelipia kukaa ndani ya matatu.

Nafundisha Historia na nataka kuwapeleka wanafunzi waone mabaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuna cha kuona kweli, au ni vibao tu? – Mwalimu, Kitui

Kipo, Mwalimu, ila lazima wanafunzi wajue wanachokitazama kabla ya kushuka garini. Vinginevyo wataona kilima cha miiba na reli kuukuu, waanze kuuliza chakula kiko wapi.

Mambo yenyewe ni haya. Agosti 1914 Wajerumani, waliotawala Tanganyika wakati huo, walivuka mpaka kutoka upande wa Moshi wakauteka mji wa Taveta, kisha wakajiimarisha kwenye kilima cha Salaita, kilichoinuka peke yake katikati ya tambarare mashariki ya mji. Waingereza walikuwa na shida mbili: maji na usafiri. Kati ya Voi na Taveta ni nyika kavu, na jeshi la maelfu haliwezi kunywa kutoka vidimbwi. Ndiyo maana 1915 walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, wakavuta na maji ya bomba kutoka upande wa Bura. Reli ikafika Maktau, kisha ikasogea Mbuyuni. Mkilipanga somo lenu kwa kufuata reli hiyo, vita vyote vinaeleweka, kwa sababu kila kambi ilikuwa pale reli ilipokuwa imefikia.

Anzeni Voi asubuhi, kwenye makaburi ya vita. Hapo amezikwa Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyekuwa afisa katika jeshi la Uingereza. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alikataa kuondolewa uwanjani huku majeruhi wengine wakiachwa, akauawa pamoja nao. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Kutoka Voi shikeni barabara ya lami ya Mwatate hadi Maktau. Njiani, upande wa Bura, kuna ngome ya mawe ya Mwashoti. Ulizieni Mwatate iwapo njia ya kuiendea inapitika kwa basi, kwani mvua huibadilisha.

Kutoka Maktau kwenda Taveta barabara inapita kati ya hifadhi. Tembo na nyati huvuka wakati wowote, kwa hiyo hakuna kushusha wanafunzi kandokando ya barabara ili wapige picha, hata kama dereva anasema hapana shida.

Kituo cha kukaa muda mrefu ni Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Waafrika Kusini, waliokuwa wageni kabisa katika nchi hii, ilishambulia kilima hicho ikashindwa vibaya. Mizinga ilipiga kileleni, ilhali mahandaki ya Wajerumani na askari wao hayakuwa kileleni. Yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka. Askari waliposogea walikutana na bunduki ambazo mizinga haikuzigusa. Waliorudi nyuma waliokolewa na kikosi cha Wabaluchi kutoka India, watu ambao siku chache kabla walikuwa wakidharauliwa na hao hao. Simamisheni wanafunzi chini ya kilima kabla ya kupanda, waulizeni wangelenga wapi. Wengi watanyoosha kidole juu, na hapo somo limeanza lenyewe.

Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, hakuirudia njia hiyo. Alituma jeshi lizunguke kaskazini kupitia Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita bila kupigana tena. Mapigano makali yakahamia vilima vya Latema na Reata, magharibi ya Taveta, tarehe 11 na 12 Machi 1916. Vilima hivyo viko mpakani kabisa. Vitazameni kutoka barabarani na msipande bila kuzungumza na polisi wa Taveta.

Malizieni makaburi ya kijeshi ya Taveta, yaliyo mjini. Hapa patafaa swali gumu: mbona majina ni ya Wazungu wengi, ilhali wapagazi wa Kiafrika waliobeba chakula na risasi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivi? Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Nyuma ya mlima Kasigau, kusini mashariki ya kaunti, kuna kisa kingine kinachohusiana: 1915 Waingereza waliwatuhumu Wakasigau kuwaonyesha Wajerumani njia, wakawahamisha kijiji kwa kijiji hadi Malindi. Wengi walikufa uhamishoni, na waliobaki hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka ya 1930. Ukiwa na siku moja ya ziada, Kasigau inastahili safari yake yenyewe.

La mwisho, na mliseme kwa ukali: maganda ya risasi, vipande vya chupa na vyuma bado huonekana ardhini. Kuviokota ni kosa chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya 2006, na risasi isiyolipuka haina umri.

Ziwa Chala linaogeleka? Picha mtandaoni zinavutia mno. – Msomaji, Nairobi

Usiogelee. Mwaka 2002 kijana kutoka Uingereza aliuawa na mamba humo, na maji yakiwa safi na ya buluu namna ile hayamaanishi hayana mnyama. Pia hakuna ufuko wa kina kifupi wa kujaribia mguu. Chala ni ziwa la volkeno lililo kwenye kreta, ukingo unateremka wima na maji yana kina cha takribani mita 90.

Uzuri wake uko ukingoni. Kutoka Taveta unaelekea kaskazini kwa barabara ya Oloitokitok, kisha unakata kushoto. Hulioni ziwa mpaka uwe umefika ukingo kabisa. Enda saa moja au saa mbili asubuhi, kwa sababu mlima Kilimanjaro huwa wazi wakati huo, na ikifika saa nne mawingu yamekwisha kuufunika. Jioni karibu na saa kumi na mbili hufunguka tena mara nyingi, lakini kurudi gizani kwa njia ile si jambo la busara.

Kushuka majini kuna njia ya miguu yenye mawe yanayoteleza. Vaa viatu vyenye meno, beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, na ukumbuke kwamba kupanda kutakuchukua muda mara mbili ya kushuka. Nusu ya ziwa ni ya Tanzania. Beba kitambulisho, na usikubali kupandishwa mtumbwi hadi ng'ambo ya pili.

Na Ziwa Jipe? – Msomaji huyohuyo

Ni kinyume cha Chala kwa kila hali: kina kifupi, matete mengi, viboko, ndege wa majini, na milima ya Upare ikijipanga ng'ambo. Matete na tope vimelila ziwa, kwa hiyo usitarajie maji mapana kila upande. Wapenda ndege watafurahi; mwenye haraka atalalamika. Njiani kutoka Taveta utaona juu ya kilima jumba la Ewart Grogan, yule mlowezi aliyesifika kwa kutembea kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Lilijengwa miaka ya 1930 katikati ya mashamba ya mkonge. Ni mali ya mtu, kwa hiyo ulizia getini kwanza.

Tulifika chemchemi za Mzima saa saba mchana, hatukuona kiboko hata mmoja. Tulikosea wapi? – Familia, Mombasa

Saa. Jua likiwa kali, viboko hujibanza kwenye kivuli cha mafunjo na minazi-mwitu upande wa mbali, na wageni wakiwa wengi husogea zaidi. Muwe mmefika kabla ya saa tatu. Hilo lina maana ya kulala karibu, au kuwa langoni saa kumi na mbili linapofunguliwa, kwa sababu kutoka lango la Mtito Andei ni zaidi ya saa moja kwa barabara ya vumbi. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hufanywa mtandaoni kwa eCitizen, si kwa pesa taslimu. Lipeni mkiwa bado kwenye mtandao mzuri.

Mzima ni mahali mnapoweza kushuka garini, lakini mtembee na askari aliyepo pale. Msimtangulie. Kiboko aliye nchi kavu akikuona umesimama kati yake na maji hatakuzunguka. Kile chumba cha kioo kilichozamishwa majini kinafaa zaidi kwa samaki kuliko viboko: kaeni humo kimya dakika kumi, macho yakizoea giza mtaona makundi ya samaki. Nyani na tumbili wa maegesho wanajua kufungua milango, hivyo fungeni vioo.

Kwa watoto watakaouliza maji yanatoka wapi: mvua inayonyesha Milima ya Chyulu haitengenezi mito, kwa sababu miamba ile ya volkeno imejaa vitundu. Maji huzama, huchujwa chini ya ardhi, kisha huibuka Mzima. Sehemu yake huenda kwa bomba hadi kwenu Mombasa, kwa hiyo huenda mmeyanywa maisha yote. Mkitoka, piteni kwenye lava ya Shetani karibu na lango la Chyulu. Ni mto wa mawe meusi wenye urefu wa kilomita zipatazo 8, na kingo zake hukata viatu vyepesi.

Ni kweli simba wa Tsavo walikula watu 135? – Msomaji, Kisumu

John Patterson, aliyewaua Desemba 1898 kwenye ujenzi wa daraja la reli la mto Tsavo, ndiye aliyetoa hesabu hiyo. Utafiti wa kemia ya mifupa na manyoya yao, uliochapishwa 2009, unakadiria kama 35. Simba wenyewe, wakiwa wamekaushwa, wako Field Museum mjini Chicago. Ukipita barabara kuu ya Mombasa utavuka mto huohuo. Usitembee juu ya reli kutafuta picha.

Milima ya Taita ni baridi kweli? Na yale mafuvu mapangoni mgeni anaweza kuyaona? – Dada wawili, Malindi

Kwa watu wa Malindi, ndiyo, ni baridi. Julai na Agosti ukungu unaweza kukaa hadi saa tano, na kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, hakionyeshi kitu. Bebeni sweta na koti la mvua. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuona mbali, hadi Kilimanjaro siku ikitakata. Vuria ina minara ya mawasiliano juu, hivyo ipo njia ya gari. Lakini baada ya mvua udongo mwekundu huteleza, na bodaboda yenye abiria wawili haipandi. Mnaoendesha wenyewe, mkishuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate tumieni gia namba mbili. Anayekanyaga breki kila kona atazinusa zikiungua kabla ya kufika chini.

Ngangao ingieni na mwenyeji anayejua ndege, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa nne. Yumo ndege mdogo asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii, anayeitwa kitaalamu *Apalis fuscigularis*, na spishi yake imo hatarini kabisa kutoweka. Msicheze sauti yake kwenye simu ili kumwita. Humwondoa kwenye kiota.

Kuhusu mafuvu: zamani Wadawida, yaani Wataita, waliwafukua wazee wao baada ya muda na kuyaweka mafuvu kwenye mapango ya ukoo, mahali pa kuombea mvua na heri. Mapango hayo bado yana wenyewe. Kufika kwa mgeni kunategemea wazee wa ukoo husika, na njia ya kuwapata ni kupitia mzee wa mtaa au chifu, siku moja kabla, si asubuhi ileile. Mkikubaliwa, msiguse, na swali la picha liulizwe mkiwa bado nyumbani kwa mzee. Akikataa, msimwongezee pesa.