Rota kunata na betri ya pili kutopanda chaji

Mkuu, salaam. Umesema kwenye mota yako ya kuchaji betri, rota (gurudumu lenye sumaku) inanata mbele ya koili (waya uliozungushwa), na betri ya pili, ile inayochajiwa, haipandi chaji.

Toa kwanza ile boliti ya katikati ya koili, kisha zungusha rota kwa mkono bila umeme. Ikiteleza, tatizo ni boliti. Badala yake funga vijiti vyembamba vya kuchomelea kwa gesi, kila kimoja ukipake vanishi: chuma kizima huzalisha mikondo ya umeme ndani yake, hupata moto na kupunguza mwendo. Mvuto wenyewe wa sumaku kwa chuma utabaki, upunguze kwa kuongeza pengo kati ya rota na koili, milimita moja moja.

Kuhusu betri ya pili: dayodi (kipitisha umeme upande mmoja) 1N4007 ni nzito kujifunga. Kariakoo ulizia UF4007, ambayo hujifunga haraka. Tafadhali sana, usiwashe mota wakati betri ya pili imechomoka, volti za koili zitaiua transista yako ya 2N3055 (swichi ya koili), inavumilia volti 60 tu. Na umeme unaorudi kwenye betri ya pili ni sehemu tu ya ulioutumia.