Maswali yenu ya bourbon, wiski ya Marekani: leo zamu ya Wild Turkey 101 ya Kentucky

Hiyo 101 ni miezi iliyokaa pipani?

Hapana jamani. Ni prufu, za Wamarekani unagawa kwa mbili, yani kilevi ni asilimia 50.5. Nendeni nayo taratibu.

Mbona chupa haina umri? Rafiki yangu anasema wiski isiyo na umri ni changa.

Rafiki yako anakunywa lebo. Sheria ya Marekani inasema straight bourbon ikae pipani kuanzia miaka 2, na ikiwa chini ya 4 lazima umri uandikwe, kwa hiyo ukiona straight imekaa kimya ujue ina 4 kwenda juu, na hii 101 wanachanganya za miaka 6 hadi 8. Alafu Kentucky sio Scotland, kiangazi cha kule joto linasukuma pombe iingie kwenye mbao, baridi ikija inatoka, na pipa lazima liwe jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, hawa Wild Turkey wa Lawrenceburg wanaunguza mpaka kiwango namba 4, wenyewe wanaita ngozi ya mamba. Pombe wanaitia pipani ikiwa asilimia 57.5 wakati sheria inaruhusu 62.5, kwa hiyo mwishoni maji ya kupunguzia yanakuwa kidogo na ladha inabaki. Sasa iache humo miaka 20 uone, utakunywa ubao. Jimmy Russell, mtengenezaji wa wiski wa Wild Turkey, aliingia kiwandani hapo 1954 na hajawahi kushabikia bourbon zilizozeeka sana, ila nyie mnakimbilia namba kubwa na kulipa mara tano.

Jack Daniel's nayo si bourbon?

Swali hili tena! Inatoka Lynchburg, Tennessee, inachujwa kwenye mkaa wa maple kabla ya kuingia pipani na wenyewe wanaandika Tennessee whiskey. Masharti ya bourbon wangeweza kuyatimiza ila jina hawalitaki, we unawalazimishia nini?

Bourbon lazima itoke Kentucky?

Popote Marekani.

Tangu Waitaliano wainunue si imeharibika?

Campari, ndio hao Waitaliano, walinunua 2009. Jimmy akabaki, na mwanae Eddie aliyeingia 1981 akabaki. Kuharibika umekuonja wapi?

American Honey yao tamu sana, ndo bourbon ya kuanzia?

Ile ni likya ya asali, yani pombe iliyotiwa utamu. Bourbon yenyewe hairuhusiwi kutiwa sukari, ladha wala rangi, hata ile karameli ambayo skochi, wiski ya Scotland, wanaruhusiwa. Utamu unatoka kwenye mahindi, lazima yafike asilimia 51 na hawa wanatia kama 75, na kwenye pipa. Kunywa ukipenda ila usije kuniambia unaijua bourbon.

Naweza kuchanganya na soda?

Hela yako. Mi naweka matone ya maji basi. Na chupa ikiisha bandua lebo uitoboe kifuniko kabla hujaitupa, kuna watu wanaokota hizo chupa wanajaza wanavyojua wao alafu wanakuuzia tena bei ileile.