Hisabati tumizi na fani ya pili: usizisome kama nyumba mbili

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu huniuliza: hisabati tumizi niichanganye na nini? Wengi wanataka kusikia fani yenye ajira. Mimi nasema tafuta kwanza fani itakayoipa hisabati yako kazi ya kufanya.

Niliisoma pamoja na sayansi ya bahari. Mwaka wa kwanza nilizitenga kabisa: daftari mbali, marafiki mbali, usiku nakariri zote mbili hadi macho yanauma. Nikapata sapu ya hisabati, yaani mtihani wa marudio, na iliniuma sana kwa sababu ndilo somo nililolipenda tangu utotoni.

Likizo hiyo nilikwenda Jambiani kumsaidia shangazi shamba la mwani. Hana jedwali la maji kupwa na kujaa. Huutazama mwezi, akahesabu siku kwa vidole, akasema, "Bamvu linaingia keshokutwa, mwanangu, tutashuka saa 4." Bamvu ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Na kweli, siku hiyo saa 4 asubuhi bahari ilikuwa imekwenda mbali, vijiti na kamba viko wazi, kinamama wameshainama.

Usiku nikachukua karatasi. Mvuto wa mwezi huyapandisha maji kila baada ya saa 12 na dakika 25, wa jua kila baada ya saa 12 kamili. Nikachora mikunjo miwili ya sini, ile inayopanda na kushuka kama wimbi, nikaijumlisha. Kwa sababu ya hizo dakika 25, mikunjo huachana taratibu, kisha hukutana tena baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Ikikutana ni bamvu, ikipingana ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Hesabu ya vidole vya shangazi ilikuwa pale mbele yangu! Sapu niliifanya nikijua ninachokifanya, nikafaulu.

Kwa hiyo ukivutiwa na afya, uchumi au kilimo cha karafuu, nenda nacho. Kompyuta nayo ni nzuri, na siku hizi huhitaji kuvuka bahari: IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua kampasi hapa Unguja mwaka 2023, ikaanza na sayansi ya data na akili mnemba. Ila usiifuate kwa kuwa wenzako wameifuata.

Kabla ya kusajili masomo, ziweke ratiba za idara zote mbili mezani, hasa siku za maabara, maana idara haziulizani. Takwimu na kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python zianze mapema. Zitakubeba kote kuwili. Na mradi wa mwaka wa mwisho usiuchague peke yako. Mtafute mwalimu mmoja kila upande, uwakutanishe, hata kwa nusu saa, wakusikie ukilieleza swali lako. Wangu walikuwa hawajawahi kuzungumza, na ofisi zao zilitenganishwa na ngazi moja tu.