Senti ya tundu, karanga za Kongwa na dansi la karabai: majibu ya maswali yenu

Safari hii maswali karibu yote yameangukia zamani, kuanzia vita vya Hitler vilipokwisha mpaka miaka ya kwanza ya uhuru. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Ya siasa nimewaachia wenye siasa.

Babu yangu hukaa barazani akisema, "Enzi zetu shilingi moja inalisha nyumba nzima na chenji inarudi." Ni kweli, au anatusimanga tu? (Mjukuu, Temeke)

Babu hasemi uongo, ila hesabu yake ameikatia njiani. Bei anaikumbuka, mshahara kausahau. Siku akiwa na furaha mwulize: hiyo shilingi ulikuwa unaitolea jasho kwa muda gani?

Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Kabla ya hapo mwajiri alilipa alivyojisikia. Hata mwaka 1963, uhuru umeshapatikana na serikali mpya imeshapandisha, kima cha chini cha Dar es Salaam na Tanga kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata shilingi 5 na senti 77 hivi kwa siku. Humo mna kodi ya chumba, mkaa, mafuta ya taa, nauli, ada ya mtoto na shemeji aliyekuja kutafuta kazi tangu mwaka jana. Wakati wa mkoloni ongeza kodi ya kichwa, ambayo ukikutwa huna risiti yake unalala ndani.

Halafu, kama maisha yalikuwa mteremko hivyo, makuli waligoma kwa nini? Januari 1947 Mombasa ilisimama, na si bandari peke yake. Waligoma wa reli, wa hoteli, mpaka wapishi wa majumbani. Septemba mwaka huo huo wakagoma makuli wa Dar es Salaam, na mgomo ukapanda na reli ya kati kwenda bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya chakula na kuadimisha nguo, na mishahara ikabaki pale pale.

Ila kuna jambo babu analisema bila kulitaja: zamani uliweza kununua kidogo. Sigara moja, nusu boflo, mafuta ya taa ya kujaza koroboi, na chenji kweli inarudi, kwa sababu kulikuwa na sarafu ya kurudishia. Mama alikuwa akinisimulia habari za bibi yangu wa Pangani, aliyefunga senti zake kwenye pindo la kanga, fundo moja la nazi na jingine la samaki. Fundo la samaki likifunguliwa kwa ajili ya sukari, siku hiyo nyumba nzima mnakula wali na tui. Hakuna aliyeuliza samaki yuko wapi. Fundo walikuwa wameliona.

Kwenye kopo la marehemu shangazi nimekuta senti kumi yenye tundu katikati, imeandikwa EDWARDVS VIII na mwaka 1936. Jirani ananiambia hiyo ni mamilioni. Nimuuzie nani? (Msomaji, Tanga)

Usiende kuchagua gari bado. Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza chini ya mwaka mmoja, Januari hadi Desemba 1936, akaacha kiti ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuolewa na kuachika. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku kwetu senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo kichwa cha mfalme hakikuwa na pa kukaa, likawekwa taji na jina basi. Kazi ikawa nyepesi, zikafuliwa nyingi, zikatumika vita vikaja vikapita. Wanunuzi wa sarafu wanazo tele. Ukipata pesa ya soda shukuru Mungu.

Lakini usiitupe. Igeuze uone pembe za ndovu zilivyokaa pande mbili za tundu. Kama kwenye kopo kuna nyingine, zipange kwa miaka. Senti kumi ya George wa Sita ya mwaka 1942 ina herufi ET IND: IMP:, kifupi cha Kilatini cha kusema mfalme huyu ni mfalme wa wafalme wa India pia. Ya mwaka 1952 haina. India ilijitawala mwaka 1947, na habari ikafika mpaka kwenye senti ya kununulia kitumbua Ngamiani.

Tundu nalo lilikuwa na faida, unazitunga kwenye uzi na hazipotei. Sumni, yaani senti 50, haikuwa na tundu, wala shilingi, ambayo ilikuwa na simba. Pesa hizi zilikuwa moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa za kwake, Tanzania ikitangulia mwezi Juni.

Pishi, kibaba na debe ni kilo ngapi? Bibi anapika kwa vipimo hivi na mimi nina mizani ya jikoni. (Mke mpya, Bagamoyo)

Ni vipimo vya ujazo, mwanangu, ndiyo maana mizani yako inachanganyikiwa: pishi la mchele na pishi la kunde hayana uzito mmoja. Vibaba vinne ni pishi. Debe ni lile bati la mafuta ya taa la galoni 4, lita 18 hivi. Likiisha mafuta linachota maji, likitoboka linapasuliwa na kunyooshwa liezekee nyumba. Frasila ndiyo ya uzito, ratili 35, karibu kilo 16, na wenye karafuu ndio walioijua zaidi. Kwa pilau mfuate bibi, acha mizani.

Nilipita Kongwa kwenye msiba nikaambiwa hapa waliishi Wazungu wa karanga. Walitaka karanga za nini na kwao wana siagi? (Dereva wa lori, Dodoma)

Siagi ndiyo hawakuwa nayo! Watu wengi hudhani Uingereza ilishinda vita ikarudi kwenye neema. Mkate, ambao wakati wa vita haukuwa wa mgao, uliwekwa kwenye mgao mwaka 1946 mpaka 1948. Nyama, sukari na mafuta ya kula mtu alinunua kwa kitabu cha kuponi, na mgao wa chakula ulikwisha kabisa Julai 1954. Yaani mtu wa London alikuwa na pesa mfukoni na hana cha kupaka kwenye mkate.

Ndipo likaja wazo la kulima karanga Tanganyika zikamuliwe mafuta. Mwaka 1947 wakaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yalikuwa haba, wakachukua vifaru vya vita aina ya Sherman wakavigeuza matrekta, wakayaita Shervick. Picha yake inachekesha: mnyama wa vitani anahangaika na mbuyu wa Ugogo, na mbuyu haujatishika.

Kilichowashinda ni vitu ambavyo mzee yeyote wa pale angewaambia kwa bei ya kikombe cha chai. Mvua za Kongwa hazina ahadi. Udongo wake ukikauka ni saruji, na karanga huzaa chini ya ardhi. Sasa utaichimbua kwa nini? Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kuachana na mpango, hasara kama pauni milioni 36. Kwa shilingi 20 kwa pauni, hizo ni shilingi milioni 720 za siku zile, za babu wa Temeke hapo juu. Mabaki yake yalipata kazi nyingine. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na Kongwa kuanzia mwaka 1964 ikapokea wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji.

Mama mkwe anasema alikutana na mumewe "kwenye dansi". Dansi gani hilo, na umeme wenyewe haukuwepo? (Mkwe, Morogoro)

Mama mkwe wako amekulia makao makuu ya dansi, mheshimu. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, na miaka ya 50 mji huo huo ukawa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mji mdogo, bendi mbili kubwa, na kila mtu ana upande wake kama mpira. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na mpaka leo redio ikipiga nyimbo zake asubuhi kuna wazee wanaongeza sauti.

Umeme wa nini? Karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, inatundikwa, inapampiwa, inanguruma juu ya vichwa vya watu. Magitaa yanapigwa makavu, saksafoni na tarumbeta hazihitaji waya. Wanaume suti na tai, viatu vimepigwa rangi mpaka unajiona. Wanawake gauni, wengine mara yao ya kwanza kutoka bila kanga juu.

Mtindo ulitoka mbali. Kampuni ya HMV ilileta santuri za Kikuba zenye alama GV, na vijana wakazisikiliza mpaka zikaisha makali. Santuri ya siku hizo ilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ni wimbo mmoja wa dakika tatu. Unazungusha mkono wa gramafoni, unaweka sindano, unasikiliza mstari mmoja, unainua, unautafuta kwenye gitaa. Kihispania hawakukijua, waliimba kama walivyosikia. Baadaye wakatia Kiswahili, na rumba ikawa ya kwetu. Redio ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, hata asiye na gramafoni akasikia, akisimama nje ya duka la Mhindi mwenye redio.

Pwani wengine walibaki na taarabu yao. Siti binti Saad alifariki Julai 1950, lakini santuri zake ziliendelea kupigwa kwenye nyumba ambazo dansi halikukanyaga.

Ni kweli wanawake wa Unguja walikatazwa sinema? (Mwanafunzi, Zanzibar)

Hapana. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na buibui zilijaa ukumbi. Filamu za Kihindi ndizo zilitawala, hasa za Raj Kapoor. Mtu hajui Kihindi neno moja, lakini wimbo anao wote, na kilio analia mahali panapostahili.

Matatu ya Kenya na daladala yetu, majina yametoka wapi? (Kondakta, Mbagala)

Yote mawili ni nauli. Nairobi miaka ya mwanzo ya 60 nauli ilikuwa senti 30, sarafu tatu za senti kumi, na gari likaitwa matatu. Daladala ni ya miaka ya 80, dala ikiwa shilingi 5. Waingereza nao mitaani kwao shilingi 5 waliiita dola. Pauni ilikuwa shilingi 20, na kabla ya Septemba 1949 pauni moja ilikuwa dola 4 na senti 3 za Marekani. Gawa mwenyewe uone dola moja ilikuwa karibu shilingi 5, kondakta, hesabu ndiyo kazi yako.