Uliza Tukujibu: Mtoto anabwagwa kila siku

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtoto ameanza mieleka, hajui kitu, na mzazi hajui amtie moyo vipi. Tumezifupisha ili zienee.

Swali: Assalaam aleikum. Kijana wangu wa miaka 8 yuko wiki ya 6 mazoezini. Kila akishikana na mwenziwe, wa chini ni yeye. Anarudi analia, na siku ya mazoezi tumbo linamuuma asubuhi. Namwambia "jikaze, wewe mwanamume", wapi! Nimwachishe? – Mama B., Makorora

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Usimwachishe bado, ila hilo la "jikaze" liweke kando. Mtoto aliye wiki ya 6 mazoezini anaogopa kuanguka kuliko anavyoogopa kushindwa. Hajui anguko litatoka upande gani, mgongo unagonga, pumzi inakatika. Akishaogopa, anakakamaa na kusimama wima kama mlingoti, na aliyesimama wima ndiye rahisi kubwaga. Kwa hiyo anza na kuanguka kwenyewe.

Tandika godoro sakafuni. Siku za mwanzo achuchumae, si kusimama. Mpe kipande cha kanga akibane kati ya kidevu na kifua, kisha ajiachie nyuma taratibu, mgongo umeviringana kama yai. Mikono ipige godoro kwa viganja, ikiwa mbali kidogo na mbavu. Kanga ikidondoka, ujue kidevu kimeachia, na kidevu kikiachia ndipo kisogo hugonga. Mara 10 kila jioni zatosha. Wiki ya pili afanye akiwa ameinama nusu, wiki ya tatu asimame nawe umsukume bega kidogo, mara kulia, mara kushoto. Kosa la kuangalia sana ni mkono kunyooshwa nyuma ili kujizuia: uzito wote huishia kwenye kifundo cha mkono na kiwiko, na hapo ndipo mifupa ya watoto huvunjika.

La pili, zungumza na kocha, si kwa kulalamika. Muulize mtoto anashikanishwa na nani. Tofauti ya uzito isizidi sehemu moja ya kumi: mwenye kilo 28 asipewe wa kilo 34, hata kama wanasoma darasa moja. Kisha mwombe ampe kazi moja ya siku inayohesabika. "Leo gusa goti la mwenzako mara 3 kabla hajagusa lako." Kazi hiyo anaweza kuitimiza hata akibwagwa, na nyumbani atakuja na kitu cha kusimulia. Njia nyingine ambayo makocha wazuri huitumia ni kuanzia katikati: mgeni anapewa mguu wa mwenziwe ameshaukamata, kazi yake ni kumalizia tu. Sekunde 20, basi, wanabadilishana.

Akirudi, mpe maji na chakula kwanza. Maswali ya "umeshinda?" yaache. Uliza, "Leo mlifundishwa nini? Nionyeshe." Akikushika mguu sebuleni, anguka. Ndiyo, mama, anguka kweli. Na usimtajie binamu yake anayejua.

Kuhusu tumbo: nenda ukakae pembeni siku moja, kimya, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiona anachekwa au kuna mkubwa anayemwonea, hilo ni la kocha kulimaliza siku hiyohiyo. Kama hakuna, patana naye: ataendelea hadi shule zifungwe, kisha ataamua mwenyewe. Mtoto mwenye mlango wa kutokea huacha kuutafuta.

Swali: Kuna bonanza mwezi ujao. Mwanangu wa miaka 11 ana kilo 32, na kundi la kilo 30 lina watoto wepesi. Nimpunguze kwa kumkimbiza na sweta? Pia mke wangu ananikataza kupiga kelele ulingoni. Nani ana haki? – Baba S., Chumbageni

Jibu: Mkeo. Na sweta lirudishe kabatini. Kilo 2 kwa mtoto wa kilo 32 ni zaidi ya asilimia 6 ya mwili wake, na kwa muda mfupi hivyo kitakachotoka ni maji. Kwa joto la Tanga lenye unyevu, jasho halikauki mwilini, mtoto hapoi. Atafika ulingoni mdomo mkavu, misuli inakaza, kichwa kinauma. Mtoto anayekua hapunguzwi uzito kwa ajili ya pambano. Acheze na wa uzito wake.

Kelele nazo zina hesabu yake. Kwa sheria za shirikisho la dunia, UWW, watoto wa chini ya miaka 15 hupigana vipindi 2 vya dakika 2, na mapumziko ya sekunde 30 katikati. Ndani ya dakika hizo 4 mtoto anaweza kusikia sauti moja tu, na iwe ya kocha. "Mkamate! Mkamate!" ya baba humfanya ageuze uso, na mara mguu umekwenda.

Badala yake jifunze pointi, ujue pa kupigia makofi. Kumpeleka mwenzako chini na kumtawala ni pointi 2. Kumgeuza mgongo uelekee mkeka, 2. Akikanyaga nje ya duara, 1. Mrusho mkubwa unafika 4 au 5. Katika mtindo huru, ule unaoruhusu kukamata miguu, tofauti ikifika pointi 10 pambano limekwisha, na mabega yote mawili yakibanwa chini limekwisha bila kuangalia pointi. Mwanao akipoteza 8 kwa 2, zile 2 alizipata kwa kufanya kitu. Mtajie hizo.

Swali: Hatuna mkeka wa mieleka huku kwetu. Pwani ya Sahare tunayo. Mchanga unafaa kwa watoto, na tuwafundishe nini cha kwanza? – Kaka M., Sahare

Jibu: Unafaa sana, kaka, na wala si mchezo wa pili kwa hadhi: mieleka ya ufukweni ina mashindano yake ya dunia. Duara ni la mita 7, pambano dakika 3, wa kwanza kufika pointi 3 ameshinda. Hakuna kung'ang'ania chini, jambo linalowafaa wageni.

Ila mchanga wa kupwa usiwadanganye. Maji yakitoka, ule uliobaki umebanwa na unyevu, mgumu kama sakafu ya saruji. Chagua mchanga mkavu, juu ya mstari wa takataka ulioachwa na maji ya bamvua. Uchimbueni kwa jembe kina cha sentimita 30, upitisheni kwenye chekeche au wavu mdogo mkitoa makombe, vioo na miba, kisha usawazisheni kwa reki. Rudieni ukaguzi kila siku, kwani usiku watu hutupa chupa. Mchanga wa saa 8 mchana unaunguza nyayo. Anzeni saa 10 na nusu. Na kila mtoto awe na chupa ya maji, lita moja, anywe mafunda machache kila baada ya dakika 15.

Saa nzima kwa siku, mara 2 au 3 kwa wiki, inatosha kwa wa miaka 7 hadi 10. Robo tatu ya muda iwe michezo: kugusana magoti, kunyang'anyana kitambaa kilichochomekwa kiunoni, kusukumana nje ya duara la kamba la mita 3. Hapo wanajifunza kuinama na kusogeza miguu bila kujua kwamba wanafundishwa.

Mbinu ya kwanza iwe moja: kukamata mguu mmoja. Miguu upana wa mabega, mmoja mbele kidogo, magoti yamekunjika, viwiko karibu na mbavu. Anasogea kwa hatua fupi hadi anaweza kumgusa mwenziwe bila kunyoosha mkono. Anashuka kwa kukunja magoti, si kiuno, goti la mbele linatua karibu na mguu wa mwenziwe. Mikono inafungana nyuma ya goti, kiganja kwa kiganja. Vidole visipishanishwe, maana mwenzako akivuta vinavunjika. Sikio linabanwa kwenye mbavu za mwenziwe, upande wa ndani, macho mbele. Kisha anainuka na kuzunguka kama anayefungua mlango mzito.

Wageni hukosea mahali pawili. Wanarukia kutoka mbali, wakaishia kukumbatia hewa na kula mchanga. Au wanainamisha kichwa, shingo ikaingia kwapani kwa mwenziwe ikabanwa. Likitokea hilo la pili, simamisha mara moja. Anayegongwa kichwa kisha akatapika, akasinzia au akajibu ovyo, hachezi tena siku hiyo; apelekwe hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Ya kuruka kutoka juu kama kwenye televisheni pigeni marufuku tangu siku ya kwanza. Wale ni waigizaji, wamepanga nani aanguke.

Swali: Mtoto amepata duara jekundu linalowasha shingoni. Wenziwe wanasema ni choa cha mieleka. – Mama H., Ngamiani

Jibu: Huenda ni kweli, mama, choa huambukizwa kwa ngozi kugusana. Aonwe na mhudumu wa afya. Kwa kawaida ni krimu ya fangasi mara 2 kwa siku, na huendelezwa wiki moja au mbili hata baada ya alama kufutika. Wengi huacha mapema, kinarudi. Jiepushe na krimu za kuchanganya zenye steroidi: muwasho unatulia, fangasi wanatanda. Asishikane na wenziwe angalau siku 3 tangu aanze dawa. Mapunye ya kichwani ni jambo jingine, hayo hutaka vidonge.

Kocha afute turubai au mkeka kwa jiki, mililita 100 kwa ndoo ya lita 10, aache dakika 10 kabla ya kukausha. Mtoto aoge kwa sabuni mara tu arudipo, taulo lake peke yake, kucha fupi.

Swali: Binti yangu wa miaka 10 anataka kwenda na kaka zake. Majirani wanashangaa. Na avae nini? – Bibi Z., Pongwe

Jibu: Shikamoo bibi. Wanawake wamo kwenye mieleka ya Olimpiki tangu 2004, basi majirani wamechelewa kidogo kushangaa. Avae suruali ya kubana ya mazoezi na fulana ya mikono mirefu isiyo na vifungo wala zipu. Kichwani iwe skafu ya michezo ya kuvutwa, isiyo na pini hata moja. Hereni na bangili zibaki kwako. Kama kuna wasichana wengine wawili watatu, mwombe mwalimu awashikanishe wao kwa wao, na kama yuko peke yake, kaka aliye karibu naye kwa kilo ndiye mwenzi wa kuanza naye.